Ada ya Mwezi

Kila tarehe tano baba alivuka mtaa
na noti mbili ndani ya bahasha ya kaki,
akampa mweka hazina wa kikosi, akatia sahihi.
Alilipa ada, baba yangu Nolberto,
ili aruhusiwe kuzima moto wa watu.

Utotoni nilidhani nimesikia vibaya.
Mwokaji mikate, mwenye deni la unga,
viatu vimeshonwa mara tatu,
anatoa pesa apate kupanda vilima vya Valparaíso
na mpira wa maji begani,
ngazi mia mbili na kumi,
bila hata pesa ya soda.
Mama alisema: "Wenzako hulipwa kwa jasho lao.
Wewe jasho lako unalilipia."
Baba alicheka, akafuta unga kwenye nyusi.

Januari ile, upepo wa kusini ukivuma,
king'ora kililia saa kumi alfajiri.
Mikate mia tatu tanurini, bado dakika nane.
Akavua aproni, akavaa koti zito,
mlango akauacha wazi.
Niliuchukia mgongo wake.
Nilikuwa na miaka kumi na minne, sikujua
tanuri huzimwaje.

Akaingia Bi Ernestina wa duka la vifungo,
vibanio kichwani, kandambili miguuni,
akashika koleo la mbao bila kuuliza.
Nyuma yake Gumercindo, dereva wa teksi,
aliyegombana na baba juu ya maegesho tangu nizaliwe.
"Safu ya chini kwanza," alisema, "hiyo huwahi kuungua."
Nani alimfundisha?
Hakuna aliyeitwa. Hakuna aliyesema asante,
midomo ilikuwa na kazi ya kupuliza vidole.

Thelathini na mmoja iliungua.
Mingine tuliipandisha kilimani kwa magunia,
kwa watu walioketi juu ya magodoro barabarani
na paka wao, na redio zao, na funguo
za milango isiyokuwepo tena.
Baba ameegemea ukuta, uso mweusi kama sufuria,
akala mkate wake mwenyewe kama mgeni,
akauliza, "Nani kaoka? Umeiva vizuri."

Sasa goti lake limegoma kupanda ngazi.
Tarehe tano imeangukia Jumapili.
Navuka mtaa mimi.
Mweka hazina anafungua daftari, ananiuliza jina,
ingawa alinijua nikiwa tumboni.
Namtajia polepole, herufi kwa herufi.
Ng'ambo, mlango wa duka letu u wazi.