Hatua ya Kwanza ni ya Nyuma

Mpira wa besiboli una mishono mia na nane.
Najua kwa kuwa nimeishona,
si mara moja, kwa uzi mwekundu,
chini ya taa ya Tandika inayokatika ikijisikia,
kaka yangu Kondo kakaa kwenye kigoda
akihesabu pamoja nami bila sauti,
midomo tu, kama mtu anayevuta uradi.

Shuleni walimweka mbali.
Mwalimu Hayashi, aliyetamka Temeke kama anayetafuna barafu,
alimwonyesha kwa kidole: kule.
Kule palikuwa na mtaro, mbuzi wa mama Chausiku,
na jua la saa nane lisilo na adabu.
Wenzake wakacheka: umepewa kazi ya kuchunga.
Akachunga.
Aliichunga anga miaka minne
mpaka akajua kwa mlio wa gongo peke yake
mpira utatua wapi.
Ukilia mkavu, kimbia.
Ukilia kama godoro linalokung'utwa, sogea mbele.

Ikaja barua. Ikaja viza.
Tiketi walilipa wao, sisi tulilipa majigambo.
Mji wenyewe, jina lake sijawahi kulimaliza.
Misimu mitatu, jezi namba sitini na nne,
mshahara mdogo kwa huko;
kwa huku ukawa bati za nyumba nzima,
ukawa cherehani hii ninayoikanyaga,
ukawa hitima ya baba, pilau hadi majirani wa mtaa wa pili.

Alituma picha moja. Kasimama kwenye theluji,
glavu kaikumbatia kifuani
kama aliyebeba kuku asimponyoke.
Mama aliitazama sana.
Mbona wamemweka peke yake?

Bega lilifia huko. Hasemi mwaka.
Husema tu alirusha kutoka ukutani hadi beisi ya mwisho,
mkimbiaji akatolewa, watu elfu mbili wakasimama,
na ndani yake kitu kikachanika
kama doti ya kanga inapopasuliwa katikati.
"Lakini alitoka," huongeza. "Yule mtu alitoka."

Vijana wa kijiweni humuuliza:
Kondo, kule ulifunga mangapi?
Sikufunga. Nilidaka.
Ahaa, kumbe kipa!
Haya, kipa.

Siku hizi yuko Stereo, sokoni, kabla hakujapambazuka,
lori la matikiti likishafungua mlango wa nyuma.
Juu wanarusha, chini anadaka,
mkono wa kushoto ndio wenye kazi,
wa kulia unasindikiza.
Haangushi, wanasema.
Si kweli. Ameangusha moja, Ramadhani iliyopita,
macho yake yalikuwa kwa watoto wawili
waliokuwa wakirushiana limau.
Wakamkata elfu tatu.
Vipande akavileta nyumbani, tukafuturu navyo,
mbegu tukatemea uani,
akacheka mpaka akashika bega.

Jioni ile nilimuuliza kama kuna kitu cha kule anachokikosa.
Akafikiri. Nilidhani atasema theluji, au pesa.
Akasema: mpira ukipigwa kuja kwako,
hatua ya kwanza ni ya nyuma.
Hata kama moyo unakutuma mbele.
Mbele utawahi tu;
uliokupita juu ya kichwa haukungoji.
Sikumwelewa vizuri.
Nilikuwa nakata sketi ishirini za sare, shule inafunguliwa Jumatatu.

Juzi usiku jiwe lilipiga bati la jirani.
Sote tulishtuka. Mama akamtaja Mungu,
jirani akataja mengine.
Kondo alikuwa uani, anapiga mswaki.
Nilimwona kupitia dirishani:
kidevu juu, povu mdomoni,
mguu wa kulia umesharudi nyuma,
kiganja cha kushoto kimefunguka.

Hakuna kilichoshuka.
Alingoja kidogo hivyo hivyo,
kisha akasukutua.