Mstari Mweupe

Printa yangu ina kilema.
Kila karatasi inatoka na mstari mweupe,
mwembamba kama uzi wa kushonea,
toka juu hadi chini, karibu na ukingo wa kulia.
Watu wa Nyawera wamezoea.
Kwa franka mia mbili ukurasa, nani atanung'unika?

Zihindula alikuja Jumanne, mvua imekatika,
tope la Nyangezi bado kwenye viatu,
bahasha ndani ya mfuko wa plastiki
na mfuko ndani ya mfuko mwingine,
kama mtu aliyebeba yai kupanda Bukavu.
"Nijazie fomu," akasema. "Naenda Kanada
kuchuma matufaa. Miezi sita.
Mwenye shamba ndiye mdhamini wangu."

Umeme ulikuwa umekwenda zake. Nikawasha jenereta.

Fomu ikauliza: uzoefu wa kilimo, miaka mingapi?
Akahesabu kwa vidole, vidole vikaisha,
akaanza kuhesabu majembe:
la kwanza la baba, mpini umekatwa limfae mtoto,
la pili lililolika na mawe hadi likabaki kijiko,
la tatu aliloazima na hakurudisha.
Nikaandika: thelathini na mmoja.

Fomu ikauliza: una cheti?
Akageuza viganja juu ya meza yangu.
Nikaandika: hapana.

Fomu ikauliza: una nini
kitakachokurudisha nyumbani msimu ukiisha?

Hapo akakohoa.
Kilikuwepo kipande bondeni, cha maharage na mihogo,
na mfereji waliouchimba yeye na Nsimire
mwaka wa mimba ya kwanza,
Nsimire akichimba ameketi, kwa ubishi tu.
Kimeuzwa mwezi wa sita. Dola mia tisa:
za faili, za daktari, za muhuri,
na zile za "kufungua njia," alivyoziita komisionere.
"Andika kwamba ninacho," akasema.
"Ninacho bado. Najua kila jiwe lake."

Sikuandika. Nikaomba kwanza barua ya mkataba.

Mfuko, mfuko, bahasha.
Nembo ya tufaa jekundu. Sahihi ya mzungu, imelala.
Na karibu na ukingo wa kulia,
toka juu hadi chini,
uzi.

Nikamkumbuka: kijana wa manukato, mwezi wa tatu,
akinisomea maneno kutoka simuni, mimi nikichapa.
Alisema ni za mafunzo tu.
Alitaka nakala arobaini, akaniachia chenji.
Chenji ile nilinunua sukari.

Ningeweza kunyamaza.
Printa zenye kilema si yangu peke yake mjini.
Nikachapa karatasi moja, jina lake tu,
nikailaza kando ya barua.
Mistari ikalingana.

Alitazama kwa muda mrefu,
jinsi mkulima anavyotazama tuta lililopinda
akijua kamba aliishika nani.
"Ulitoa ngapi?"
"Arobaini."
"Basi na wale thelathini na tisa wameuza."
Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayepima
mbegu zilizobaki kwenye debe.

Akaweka mia mbili mezani. Nikaisukuma.
Akaisukuma, ikabaki chini ya kibodi.
Ile karatasi yenye jina lake aliikunja,
akaitia ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya mwingine.
Barua aliniachia mimi.

Jioni nilifungua printa,
nikaipangusa kwa kitambaa, kwa mafuta ya taa, kwa mate.
Nikajaribu ukurasa mtupu.
Nikajaribu tena.

Siku hizi kila anayeingia na barua ya ng'ambo
naiinua kwenye mwanga wa dirisha kabla sijamkaribisha kiti.
Wananiuliza natafuta nini.
Nimeshapata saba.