Mwono: Hakuna

Ndege ya saa nne imechelewa.
Kharifu imeshuka Salala mpaka kwenye vioo,
na binti wa mezani anaomba radhi kwa lugha tatu,
kidogo kidogo, kama mtu anayegawa halua ya arusi.

Mjukuu wangu Shinuna kajilaza juu ya begi.
Mimi natazama sakafu.
Inang'aa hata nauona mkongojo wangu ukiwa miwili.
Mahali hapa, au hatua mia kushoto, sina hakika,
palikuwa na handaki, na ndani yake mimi,
kijana wa miaka ishirini na mbili, vumbi kopeni,
nimekumbatia buli la chai lisimwagike.

Nilikuja mwaka wa sabini na moja
kutoka Unguja, kwa kupitia Dubai,
cheti cha shule nimekikunja mara nne ndani ya kofia.
Waingereza wakaniuliza: unajua kusoma?
Nikausoma ubao wao wa hali ya hewa
kwa sauti, kwa mahadhi, kama niko maulidini.
Wakanipa chaki na kofia ya chuma.
Kofia ilinipwaya. Chaki ilinitosha.

Uwanja ulizungushiwa mapipa,
mapipa ya mafuta yaliyoshindiliwa mchanga,
yamepandana, yameota kutu,
na ndege zikilala katikati kama mbuzi wa Idi.
Alasiri mlima ulitusemesha.
Kwanza mdundo, kisha kimya cha kuhesabu,
moja, mbili, tatu, ya Latifu,
kisha mchanga ukanyesha kwenye chai.
"Wamekosa," sajini alikuwa akisema.
Hakuna aliyemwuliza wamekosa nini.

Miezi ya ukungu ilikuwa likizo.
Ndege hazikuuona mlima, mlima haukutuona sisi.
Niliandika ubaoni: *Mwono: hakuna*,
na wapishi wa Kibaluchi wakacheza karata hadi alfajiri.

Vita vikaisha, hakuna aliyeniita kuniambia.
Niliona tu wageni wanafunga masanduku,
na mapipa yanaondoka mmoja mmoja mgongoni mwa watu.
Jirani alioka mkate ndani ya moja.
Jingine likawa hori la ngamia.
Zuwena wangu, Mungu amrehemu, alikata nusu pipa
akapanda mrehani, ukaota
kana kwamba mchanga ule haujawahi kusikia kitu.
Kisha lami. Kisha mnara. Kisha watu wa Ghuba
wanaopanda ndege na watoto wao, waje kutazama mvua.

"Wewe mtu wa Zinjibari?"
Mzee pembeni yangu, kilemba cha kijabali,
jicho moja limefunikwa bandeji. Mustahail, jina lake.
Anakwenda Maskati kwa daktari.
"Umejuaje?"
"Kiarabu chako kimetiwa nazi."
Nikamwambia nilikuwa hapa enzi za mapipa.
Akanyamaza. Akaigeuza fimbo yake, akaigeuza tena.
"Kutoka kule juu mlikuwa sisimizi kwenye sinia.
Mmoja alikuwa akitoka kila alasiri
kabeba kitu kinachometameta."
"Buli," nikasema.
"Buli!" Akacheka mpaka bandeji ikalegea.
"Tulibishana wiki nzima. Mimi nilishika kwamba ni redio."

Sikumwuliza kama alikilenga.
Naye hakuniuliza, siku za mwanga,
ubao wangu uliziruhusu ndege kwenda kwa nani.
Alisema tu kwamba nduguye mdogo alipenda sana chai.
Alisema: alipenda.

Kipaza sauti kimeongea. Bado.
"Nitazamie," ananiambia, "wewe mwenye macho mawili."
Nimesimama kiooni. Vidole vyangu vinatafuta chaki.
Mlima haupo. Njia ya ndege haipo.
Kuna taa moja ya njano, na yenyewe ina mashaka.

Nimenunua chai, bilauri mbili za karatasi,
bei yake ingelisha handaki zima.
Mikono siku hizi inatetemeka.
Kutoka dukani hadi alipokaa ni hatua arubaini;
nazihesabu, na yeye, kwa jicho lake lililobaki,
ananitazama nikija.