Foleni ya Petroli, Tukuyu

Siku ya tatu kituo hakina kitu.
Tumepanga madumu kama watoto wa shule,
na mvua, hii yetu isiyobisha hodi,
inayajaza yote, bure, hadi mdomoni.

Mwalimu Ambakisye wa fizikia, kaloa chapachapa,
ananyoosha kidole juu:
"Mafuta si hayo yanakunyeshea?"
Tukacheka. Pikipiki yangu haikucheka.

Jana alinionyesha: betri ya lori bovu,
magadi kijiko kimoja, maji kwenye chupa,
waya mbili. Vipovu vikapanda
kama siri iliyochoka kukaa kifuani.
Akaviwashia kiberiti. Pwa!
Binti yake akamwaga chai.

"Haidrojeni hiyo. Ikiungua inarudi kuwa maji.
Bomba la gari litadondosha umande,
mbuzi wanywe."

"Sasa tunangoja nini?"

"Taratibu. Maji ni ndoa ya siku nyingi,
kuivunja kuna gharama,
na ile betri niliichaji kwa umeme wa nguzo."

Leo nguzo zote zimelala.

Nimelimwaga dumu langu chini ya mgomba,
nikarudi kwenye foleni.
Kabla sijafika mbele
limejaa tena.