Mvuke Tu

Kwa Senga, mlimani Dundee, nguo hufuliwa kwa sarafu.
Mashine kumi na moja, moja imekufa tangu Krismasi,
imebandikwa karatasi: SAMAHANI, NIMECHOKA.
Nje theluji iliyochanganyika na mvua inapiga kioo mshazari.
Ndani kila kitu kinafuka:
makoti kwenye misumari, birika, pasi,
mashuka ya hoteli, vichwa vyetu wenyewe.

Struan ameketi juu ya meza ya kukunjia
(meza si kiti, keshaambiwa mara mbili).
Anatoa kidude cha rangi ya waridi,
kinene kama kalamu ya mtoto anayejifunza kuandika,
anavuta, taa yake ndogo inakonyeza,
na wingu la stroberi linapanda, linashuka,
linajilaza juu ya taulo zangu nyeupe
kama mgeni asiyejua hodi.

Hapa watu hawagombi.
Hapa watu hukohoa kwa maana.
Mama mwenye mtoto alivuta kifuniko cha kigari chake
polepole, akitazama sakafu,
na mwanafunzi mmoja akasoma upya, kwa bidii kubwa,
maelezo ya sabuni.

"Struan," akasema Senga.
"Si moshi. Ni mvuke tu.
Hauunguzi, hauna jivu, hauna kesi.
Hebu tazama pasi yako, inafuka kunishinda mimi.
Mbona huiambii itoke nje?"

Nikiri: nilicheka.
Senga akaisimamisha pasi kwa kisigino chake.
"Pasi inanilipia kodi ya pango.
Wako unalipa nini?"

Mashine namba nne ikafika pale pa kutetemeka,
ikatetemeka, ikatulia.

Kwenye benchi alikuwapo Wattie,
shati moja, pajama jozi moja, kila Alhamisi.
Aliingia kiwanda cha magunia na miaka kumi na mitano
akatoka siku kilipofungwa,
na pumzi yake sasa ni zipu iliyokwama katikati.
"Kiwandani," akasema. Akapumzika.
"Msimamizi alituambia hivyo hivyo." Akapumzika tena.
"Si moshi, wanangu. Ni vumbi tu."

Tulingoja aendelee. Hakuendelea.
Alilitazama shati lake likizunguka, mkono ukipunga, ukizama,
kisha akamgeukia Struan:
"Hilo ni tunda gani?"
"Stroberi."
"Ahaa. Tulikuwa tukienda kuzichuma Blairgowrie,
basi zima la watoto, vidole vyekundu mpaka Jumapili."
Akanusa, kama mtu anayetafuta jina.
"Hapana. Zile hazikunukia hivi."

Struan akashuka mezani.
Hakusema samahani; alisema "sawa,"
akaenda mlangoni, akasimama nusu kwa nusu,
kiatu kimoja ndani, shingo nje kama ya kobe,
kengele ya mlango ikilia, ikilia,
na baridi ikaingia kutusalimu mmoja mmoja miguuni.
"Uwe nje au uwe ndani!" Senga akapaza sauti.
Akawa nje. Kwenye kioo nilimwona
amekunja mabega, anapuliza,
na upepo unalirarua wingu lake
kabla halijapata umbo.

Mimi nilikunja taulo.
Nilikuwa nimetikisa kichwa pamoja na wengine,
vizuri kabisa, kama raia mwema,
na ndani ya mfuko wa koti langu
kidude changu kilikuwa bado na joto,
kwani robo saa kabla nilikuwa chooni kwa Senga,
dirisha limefunguliwa upana wa kidole,
nikipulizia mkono wa sweta.

Nilipokwenda kulipa alinusa mara moja tu.
"Mnanaa," akasema, bila kuniangalia,
akanihesabia chenji kiganjani,
sarafu moja.
Moja.
Moja.