Asilimia za Minza

Umekuja na faili la plastiki, Minza,
pembe moja imelowa mvua ya Kirumba,
ukalitua juu ya mashine yangu ya fotokopi
na kusema, hata salamu hukunipa: nipe asilimia.
Usinitie moyo. Moyo ninao.

Haya. Tuanze na namba, maana huko ndiko waanzako wao.
Wastani wa chuo: tatu nukta tatu.
Walio mbele yako foleni wana tatu nukta nane
na baba anayemjua mtu.
Mtihani wa kompyuta: hesabu umeziua,
Kiingereza kimekuua wewe.
Ngoma droo.
Kazi: miaka sita, kiwanda cha minofu, Ilemela,
msimamizi wa zamu, meza ya mabondo.

Hapo watasimama. Watauliza bondo ni mdudu gani.
Nawe kwenye insha umewajibu nini?
"Nina shauku ya uongozi tangu utotoni."

Minza, acha.
Sentensi hiyo nimeichapa humu mara mia na ushee,
shilingi mia tano ukurasa,
kwa vijana wa Nyegezi, wa Igoma, wa Buswelu,
wote wana shauku, wote tangu utotoni.
Msomaji wa huko chai yake imeshapoa,
anafungua faili la mia nne tangu Jumatatu,
na shauku kwake ni kama dagaa kwa paka wa Mwaloni:
shingo hageuzi.

Nikakuuliza basi, siku yako ya kazi inaanzaje.
Ukavuta kiti, ukaanza kusema kwa mikono:
bondo unaliinua kwenye mwanga,
unatafuta doa la damu, unatafuta mpasuko,
unaliweka kwenye mzani, huku au kule,
na kati ya rundo hili na rundo lile
kuna ada ya mtoto ya muhula mzima.
Kisha, kama mtu anayekumbuka deni dogo,
ukanitajia zile wiki mbili mzani ulipopunja
gramu nne kila bondo,
na hakuna aliyeona,
ila kiganja chako kilikataa.
Ukasimamisha meza. Meneja akafoka mpaka miwani ikaanguka.
Wakalipwa tofauti yao wauzaji kumi na tisa,
wa Ukerewe, wa Kome,
ambao hata hawakujua kwamba wamepunjwa.

Na hilo hukuliandika?

"Huo si uongozi," ukasema. "Huo ni mzani."

Umeme ukakatika.
Dirishani mawe ya Mabatini yaling'aa maji,
nyumba zimeyaatamia kama kuku wasiokubali kufukuzwa.
Sikukuambia kwamba chini ya droo ya wino
nami nina faili langu, majibu matatu,
yote yanaanza na neno "Tunasikitika".
Miaka kumi nawapima wenzangu kwa faili hilo.
Wa kukataliwa nawajua kwa harufu.
Wa kukubaliwa, kusema kweli, sijui wananukiaje.

Lakini uliomba asilimia.
Cape Town: arobaini, insha ikibadilika.
Ng'ambo, kile cha kwanza: kumi na mbili.
Kile cha pili usikitumie hata barua,
ada yao ya maombi kamnunulie mama yako bati.

Kumi na mbili, ukarudia,
ukiipima mdomoni, huku au kule.
Hukulia. Hukucheka pia.
Ulichukua kalamu yangu iliyofungwa kamba,
ukaifuta shauku, ukaufuta utoto wote,
na nyuma ya risiti ya mtu mwingine ukaandika:
Mzani ulikuwa unadanganya gramu nne.

Kisha ukainua uso, ukaniuliza
Kiingereza cha bondo.
Tulikaa na hilo, sisi wawili, gizani,
mpaka umeme uliporudi.