Mbuzi wa Mwisho

Kifungu kilikuwa na sentensi nane.
Niliziandika ubaoni, chaki ikakatika mara mbili.
Ya pili ilitaja chumvi, basi, haikutajwa tena.
Ya saba na ya nane zilikuwa hivi:
*Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo.
Siku ya nne Mama Kabugho akampeleka sokoni
mbuzi wake wa mwisho.*
Swali: kwa nini?

Akasimama Ainomugisha, binti wa daktari wa mifugo,
waliohamia hapa Katwe muhula uliopita kutoka Mbarara.
Alisoma kama bomba lililofunguliwa,
hakujikwaa hata kwenye "mfululizo".
"Mvua ni baraka, mwalimu. Majani yamemea,
mbuzi amenona, mama amepata bei nzuri."

Benchi la nyuma likaguna.
Mimi nilikuwa nimeshainua kalamu nimpe vema.
Kwetu Tororo mvua ikinyesha
mtu hukumbuka jembe, hakumbuki msiba.

Aliyeguna ni Ithungu.
Kwenye ripoti yake nilishaandika kwa wino mwekundu:
Hajui kusoma. Nukta.
Husoma kama mtu avukaye tope,
silabi moja, atue, atafute pa kukanyaga,
na kidole anachofuatia mstari
kina ufa wa maji ya ziwani, ule usiopona kiangazi chote.
Nikamwita mbele. Akasoma. Tukangoja.
Alipofika kwenye mbuzi akaacha ubao, akanitazama mimi.
"Mvua imeingia kidimbwini.
Munyu umerudi kuwa maji.
Mvua ndiyo iliyomla mbuzi."

Nilizisoma upya sentensi zote nane.
Hayo hayakuwamo.
Mwandishi aliyaacha kati ya nukta na herufi kubwa,
pale ambapo mimi, mwenye cheti,
nilikuwa nikiona chaki tu.

Nisiseme uongo lakini. Jumatatu nilileta kifungu cha treni,
na Ithungu akalitamka "behewa" silabi zote tatu, safi,
kisha akauliza kama huwa linauma.
Reli ya Kasese ililala chini ya nyasi
kabla mama yake hajaolewa.
Angeijulia wapi?

Usiku ule sikusahihisha madaftari.
Nilifikiria zoezi letu la kila wiki, *tafuta wazo kuu*,
leo popo, kesho posta, keshokutwa Misri,
watoto wakirushwa huku na huku
kama mzigo usio na anwani.

Wiki tatu tukasoma ziwa tu.
Ukurasa wa jiografia, tangazo la zahanati kuhusu macho na chumvi,
gazeti lililofungia mandazi, lenye mafuta, lenye bei za magunia.
Neno tulilolipata Jumanne kwa jasho
Alhamisi lilitukuta mlangoni, likatupokea mizigo.
Ainomugisha alishuka vidimbwini siku moja na viatu vya shule,
akarudi anavichukia, na swali moja refu kuhusu utando mweupe.
Naye Ithungu akakutana na "kasoko",
akalisoma kwa pumzi moja,
maana amesimama ndani yake tangu azaliwe.

Ile ripoti bado ninayo.
Nukta nimeichorea mkia, imekuwa mkato.
Sijajua niandike nini mbele yake.

Jana jioni nilipita ziwani kununua kilo mbili.
Nikamsikia akimwambia mama yake, aliyezama hadi magotini,
kwamba hapa ni kinywa cha mlima wa moto uliolala,
na maji yakishaingia hayana mlango wa kutokea
ila juani.
Mama akaegemea mti wake wa kukorogea.
"Miaka yote hii," akasema, "nimo kinywani mwa mtu."
Akacheka. Kisha akatazama mawingu upande wa Kongo.
"Na kuhusu mvua, kitabu kinasemaje?"

"Bado hatujafika."